Kutuma Hadithi Fupi na Mashairi Majaridani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Faili Hadi Malipo

Mwandishi anapotuma hadithi kwa mhariri, anachouza si hadithi. Hadithi inabaki kuwa yake. Anachouza ni mara ya kwanza, yaani haki ya kuitoa hadharani kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukishalishika hilo, masharti mengi ya majarida yanayoonekana kama usumbufu wa bure yatakaa sawa kichwani, na utaona kwa nini kosa linalowagharimu zaidi waandishi wa Kiswahili hutokea kabla hata barua pepe haijaandikwa.

Kosa lenyewe ni hili: hadithi imeshawekwa Facebook, sehemu ya kwanza hadi ya saba, kila Ijumaa usiku. Au shairi limeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na watu wameshalishangilia. Kwa majarida mengi hiyo ni kazi iliyochapishwa. Hakuna cha "ni ukurasa wangu tu" wala "walioisoma hawafiki mia". Blogu, JamiiForums, Wattpad, ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa wote, vyote vinahesabika. Kufuta baadaye huwaridhisha baadhi ya wahariri na wengine hakuwaridhishi, kwa hiyo ukifuta mweleze mhariri ukweli. Kusoma jukwaani, kuwaonyesha wenzako kwenye kikundi kidogo kilichofungwa, au kumpa mwalimu wako aipitie, kwa kawaida hakuhesabiki. Shairi lililosomwa redioni liko katikati. Hilo uliza kabla ya kutuma.

Basi anzia hapo. Chagua kazi tatu au nne, ziweke pembeni, zisitoke popote. Za kuwafurahisha wafuasi ziwe nyingine.

Kazi iende wapi

Kwa Kiswahili milango ni michache kuliko ya Kiingereza, na kila mmoja una desturi zake.

Mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani, yana nyumba ya zamani, nayo ni magazeti. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa likitoa mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa washairi wake. Taifa Leo la Nairobi limeuendeleza utamaduni huo. Gazetini usitegemee malipo wala jibu: shairi likikubaliwa utaliona limetoka. Nafasi ni finyu, hivyo beti tano hadi saba zina bahati kuliko beti kumi na tano.

Hadithi fupi za Kiswahili huingia zaidi kwenye diwani zinazoandaliwa na wachapishaji, hasa Kenya, ambako nyingi hulengwa shuleni. Ukiituma huko kumbuka nani atakayeisoma. Hadithi nzuri yenye tukio la kitandani lililoelezwa waziwazi itakataliwa kwa sababu hiyo pekee, na mhariri hatajisumbua kukueleza.

Majarida ya kitaaluma kama Kiswahili na Mulika, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ya makala za utafiti. Watu huona jina, wanatuma hadithi, kisha wanalalamika kwamba wamepuuzwa.

Kisha kuna tuzo. Shindano la Hadithi Fupi la Jumuiya ya Madola ndilo la kuangalia kwanza, kwa sababu hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili bila kutafsiriwa, na halina ada. Linataka hadithi ambayo haijachapishwa, ya maneno 2,000 hadi 5,000, na mwandishi awe ametimiza miaka 18. Mshindi wa kanda amekuwa akipata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa Novemba mosi. Uraia ndio mtego: raia wa Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania anaruhusiwa, raia wa Burundi au Kongo, hata awe anaandika Kiswahili kitamu namna gani, haruhusiwi.

Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, zinataka muswada mzima. Hazipokei hadithi moja moja. Tunazitaja kwa sababu shairi unalolitoa gazetini leo linaweza kuugusa muswada wa diwani utakaoupeleka huko kesho. Soma kila tuzo inasemaje kuhusu sehemu zilizokwisha kuchapishwa kabla hujazimwaga zote.

Kwa wanaoandika Kiingereza, au wanaojitafsiri, uwanja ni mpana: Lolwe, Doek! ya Namibia, Brittle Paper, na Omenana kwa hadithi za kubuni za kisayansi na za maajabu, ambayo hupokea pia Kifaransa. Tafsiri kutoka Kiswahili zina mahali pake hasa, kama Asymptote na Words Without Borders. Huko utatakiwa kuleta na matini ya asili, pamoja na ruhusa ya mwenye haki kama si wewe. Ukitafsiri mashairi ya marehemu, ruhusa hiyo hutoka kwa warithi wake, na kuipata huchukua muda mrefu kuliko kutafsiri. Ianze mapema.

Kwa kila kazi, andika orodha ya majarida matano kabla hujatuma popote, unalolitamani zaidi likiwa juu. Likikataa la kwanza, hutakaa ukijiuliza. Utashuka mstari mmoja. Na katika kila jarida soma walau matoleo mawili. Hakuna kinachookoa muda zaidi ya kugundua mapema kwamba jarida fulani halijawahi kutoa hadithi ya mapenzi.

Masharti: soma kwa kalamu mkononi

Fungua ukurasa wa masharti siku hiyohiyo unayotuma. Usitegemee ulichokisoma mwezi jana wala tangazo lililosambazwa na mtu mwingine. Nakili mambo haya: idadi ya maneno au mashairi, dirisha linafungwa lini, faili ya aina gani, jina liwepo au lisiwepo kwenye muswada, ada, malipo, na kama wanakubali kazi iliyotumwa kwingine kwa wakati uleule.

Hilo la mwisho huchanganywa na jingine. Kutuma hadithi moja kwa majarida matatu kwa wakati mmoja ni jambo moja. Kutuma hadithi tatu kwa jarida moja ni jambo jingine. Majarida mengi siku hizi yanakubali la kwanza mradi uyajulishe. La pili wengi wanalikataa kwa hadithi na kuliruhusu kwa mashairi, kwa kawaida matatu hadi matano katika faili moja. Poetry ya Chicago, kwa mfano, hupokea hadi manne.

Idadi ya maneno ina shimo kwa anayejitafsiri. "Hajanijibu" ni neno moja; Kiingereza hulitaka maneno matano. Hadithi ya Kiswahili ya maneno 4,500 haitabaki chini ya 5,000 ikishavuka. Kama shindano linapokea Kiswahili, tuma Kiswahili. Kama halipokei, punguza hadithi yenyewe kwanza, ndipo utafsiri. Kukata tafsiri ili itoshe huacha makovu yanayoonekana.

Angalia pia wanasemaje kuhusu akili mnemba. Februari 2023 jarida la Marekani la Clarkesworld lilifunga mlango wake kwa muda kwa sababu lilifurika hadithi zilizoandikwa na mashine, na tangu hapo majarida mengi yameongeza kipengele cha kutamka kwamba kazi ni yako. Anayeandika Kiswahili akapitisha hadithi kwenye programu ya tafsiri kisha akaisafisha kidogo, naye anaguswa. Kama wanauliza, sema. Kama wamekataza, itafsiri mwenyewe au mtafute mtafsiri.

Saa na tarehe

Wengi hukosa dirisha kwa hesabu tu. Jarida la New York linaposema mwisho ni saa 5:59 usiku, kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hiyo ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake, lakini tu katika miezi ya baridi yao. Wakisogeza saa zao, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa 12:59 asubuhi. Kwa jarida la London tofauti ni saa 3, au 2 wakati wa kiangazi chao. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi apunguze saa moja.

Wamarekani hutanguliza mwezi. 03/04 kwao ni Machi 4. Ukiisoma kama Aprili 3, umekosa kwa mwezi mzima.

Na dirisha linaweza kufungwa kabla ya tarehe. Majarida yanayotumia Submittable, mfumo wa mtandaoni wa kupokea kazi, mara nyingi huweka kikomo cha kazi za bure kwa mwezi; zikifika idadi hiyo, fomu inajifunga yenyewe. Tuma siku mbili tatu za mwanzo.

Faili ya hadithi

Karatasi ya A4, Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi maradufu kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.54 pande zote, maandishi yanyooke kushoto tu. Mwanzo wa aya uingie ndani sentimita 1.27 kwa mpangilio wa aya, usibonyeze kitufe cha nafasi mara tano. Usiruke mstari kati ya aya. Mstari mtupu humwambia mhariri kwamba tukio limebadilika, na ikiwa mitupu imejaa kila mahali hawezi kujua upi ni upi. Panapobadilika tukio kweli, weka alama ya # katikati.

Ukurasa wa kwanza, juu kushoto: jina halisi, barua pepe, simu. Juu kulia: idadi ya maneno kwa mia iliyo karibu, yaani 3,200 badala ya 3,187. Kichwa katikati, na chini yake jina unalotaka lichapishwe. Kuanzia ukurasa wa pili weka kijajuu (mstari wa juu unaojirudia kila ukurasa) chenye jina la ukoo, neno moja la kichwa, na namba ya ukurasa. Jarida likisema vinginevyo, lifuate lenyewe.

Wakitaka muswada usio na jina, kulifuta kwenye ukurasa hakutoshi. Jina lako limo ndani ya taarifa za faili. Kwenye Word fungua File, Info, kisha Check for Issues na Inspect Document, uondoe taarifa za mwandishi. Lisiwemo kwenye kijajuu, wala kwenye jina la faili: "AshaSalum_hadithi_mpya_FINAL2.docx" imeshasema kila kitu. Pale jina linaporuhusiwa, ita faili kwa ukoo na kichwa: Salum_MvuaYaVuli.docx.

Wengi huandika kwa simu, na hakuna ubaya. Ubaya huja wakati wa kuhamisha. Ukinakili kutoka WhatsApp, nyota na mistari ya chini ulizotumia kukoza na kulaza maandishi zinakuja kama zilivyo, na mara nyingine mistari inakatika katikati ya sentensi. Andika moja kwa moja kwenye Google Docs, kisha hifadhi nakala kama Word. Usimtumie mhariri kiungo cha Google Docs. Ataombwa aombe ruhusa ya kufungua, na wewe utakuwa umelala.

Kabla ya kufunga faili, badilisha lugha ya ukaguzi wa tahajia iwe Kiswahili na uzime masahihisho ya moja kwa moja ya Kiingereza, kwa kuwa hugeuza maneno mafupi kimyakimya. Kisha tafuta alama ya ng' peke yake. Mhariri wa Kiswahili hukutana na ng'ombe, ng`ombe na ngombe ndani ya hadithi moja, na akishaona hivyo anaanza kusoma akitafuta makosa mengine.

Shairi kwenye ukurasa

Mashairi yote yawe katika faili moja, kila moja kwenye ukurasa wake, nafasi ya kawaida kati ya mistari na mstari mmoja mtupu kati ya beti. Shairi likivuka ukurasa, juu ya ukurasa unaofuata andika kama ubeti ni mpya au unaendelea, kwani msanifu hawezi kukisia.

Shairi huru linategemea mahali mstari unapokatika, hivyo peleka PDF pamoja na Word kama wanaruhusu, ili waone ulivyokusudia. La arudhi lina taabu nyingine: mizani, yaani hesabu ya silabi. Huu ni ubeti tuliotunga kwa ajili ya mfano:

Barua nimeituma, mhariri hajanijibu,
Kila siku naisoma, nikitafuta sababu,
Moyo wangu unachoma, subira kwangu adhabu,
Ewe mja mwenye hima, ngojea kwa taratibu.

Usome kwa sauti. Unapita vizuri, sivyo? Sasa uhesabu. Ukwapi (kipande cha kwanza) wa mshororo wa kwanza, ba-ru-a-ni-me-i-tu-ma, ni mizani 8. Utao (kipande cha pili), m-ha-ri-ri-ha-ja-ni-ji-bu, ni mizani 9. Ulimi huimeza ile "ni" na sikio linakubali, lakini mhariri wa ushairi anahesabu kwa vidole. "Mhariri hajajibu" inarudisha 8. Kosa la namna hii huingia hasa kwenye vitenzi vyenye viambishi vingi, na kwenye "m" inayosimama peke yake: mtoto ni mizani mitatu, ndege ni miwili. Hesabu kila kipande cha kila mshororo, ukiweka alama ya kalamu chini ya kila silabi. Beti saba za tarbia, yaani za mishororo minne minne, zina vipande 56. Ni kazi ya nusu saa.

Kisha vina. Hapo juu ni -ma na -bu kotekote. Kama umebadilisha kina katika ubeti wa nne kwa makusudi, mhariri lazima aone kwamba ni bahari uliyoichagua. Kikibadilika mara moja tu, ataona umeshindwa.

Mshororo wa mizani 16 unatosha kwenye A4, lakini haukai kwenye safu ya gazeti wala kwenye kioo cha simu. Utakatwa. Alama ya mkato kati ya ukwapi na utao ndiyo inayomwonyesha msanifu pa kuukata, kwa hiyo usiisahau hata pale sarufi haiidai. Kutenganisha ukwapi na utao kwa kubonyeza nafasi kumi huharibika pindi faili inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Barua kwa mhariri

Fupi. Haielezi hadithi inahusu nini, haisimulii ulivyoteseka kuiandika, haiombi huruma. Hivi inatosha:

Ndugu Mhariri,
Naambatanisha hadithi fupi "Mvua ya Vuli" (maneno 3,200) kwa ajili ya toleo lijalo. Haijachapishwa popote, iwe kwenye karatasi au mtandaoni. Nimeituma pia kwa jarida jingine, na likiichukua nitawajulisha siku hiyohiyo.
Ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga.
Wenu,

Kama una kazi mbili tatu zilizokwisha kutoka, zitaje kwa sentensi moja. Kama huna, nyamaza. Usiandike kwamba wewe ni chipukizi. Jina la mhariri likiwa limeandikwa kwenye ukurasa wao, litumie, na uhakikishe herufi zake.

Andika pia wasifu wa maneno 50, kwa nafsi ya tatu, uuhifadhi kwenye simu. Utaombwa mara nyingi na kwa ghafla. Barua pepe, mada yake iandike vile vile walivyoagiza, mabano na koloni zikiwemo. Baadhi ya majarida huchambua barua kwa kutumia mada hiyo, na isiyolingana inaangukia kusikoangaliwa. Ambatanisha faili kwanza, anwani ya mpokeaji iwe kitu cha mwisho kuandika. Hivyo huwezi kutuma barua tupu kwa bahati mbaya.

Kuhusu ada: majarida mengi ya Marekani hutoza dola 3 au karibu na hapo kwa kila kazi, na mashindano hutoza zaidi. Malizia kwanza yasiyotoza. Baadhi ya yanayotoza hutoa msamaha kwa anayeandika kuomba, hata kama hawakutangaza. Jihadhari na "antholojia" inayokubali kila mtu ndani ya siku mbili kisha inakutaka ununue nakala kumi ili kazi yako iingie. Hapo mteja ni wewe.

Daftari

Excel au daftari la mraba, vyote sawa. Safu ni hizi: kazi, jarida, tarehe ya kutuma, wamesema watajibu lini, inaruhusiwa kwingine au la, jibu, na safu ya mwisho iitwe "huru lini", ambayo sasa iache tupu. Ipo pia Submission Grinder, tovuti ya bure inayokuwezesha kuandikisha kazi zako na kuona majarida huchukua siku ngapi kujibu, ila imelalia Kiingereza.

Daftari lina kazi moja ambayo kumbukumbu haiiwezi. Hadithi ikikubaliwa mahali, lazima uiondoe kwingine kote siku hiyohiyo. Mhariri anayegundua baada ya wiki kwamba alichokichagua kimeshauzwa hasahau jina. Kwenye Submittable kuna kitufe cha kuondoa kazi. Kwa mashairi usikibonyeze: kama limechukuliwa moja kati ya matano, kitufe kitayaondoa yote. Tuma ujumbe ndani ya mfumo, utaje kwa jina shairi lililotoka na useme manne yanabaki.

Kungoja na kujibiwa

Miezi mitatu ni kawaida, sita si ajabu. Hali ya "In-Progress" kwenye Submittable haimaanishi kwamba wamekupenda. Inamaanisha mtu ameigusa faili. Acha kuifungua kila asubuhi.

Muda waliojipa ukipita, ongeza wiki mbili, kisha andika sentensi mbili: kichwa cha kazi, tarehe uliyotuma, na swali kama bado inafikiriwa. Gazeti lisilojibu kamwe lipe miezi mitatu, kisha litumie barua ya kuliondoa shairi kabla ya kulipeleka kwingine. Usipofanya hivyo linaweza kutoka sehemu mbili wiki moja, na ile mara ya kwanza utakuwa umeiuza mara mbili.

Majibu ya kukataa yako ya aina tatu, na yafaa kuyatofautisha. La kwanza ni la jumla, "asante, haitufai kwa sasa", nalo halikuambii chochote kuhusu hadithi. La pili linataja jambo fulani ndani ya kazi au linakualika utume tena. Lichukulie kwa uzito. Wahariri hawaandiki hivyo kwa adabu tu, maana anayealikwa anarudi kweli na kuwaongezea kazi. Wapelekee kitu kingine dirisha lijalo, ukikumbusha kwa sentensi moja. La tatu linaomba marekebisho bila kuahidi. Ukikubaliana na wanachosema, fanya. Usipokubaliana, shukuru na uendelee.

La kukataa usilijibu kwa hoja. Shuka mstari mmoja kwenye orodha ya majarida matano, rekebisha faili kwa masharti ya jarida linalofuata, itume siku hiyohiyo. Majarida yote matano yakikataa kwa maneno ya jumla, basi fungua hadithi yenyewe, na uanze na ukurasa wa kwanza, kwa sababu huko ndiko wengi wao walikoishia.

Mkataba na pesa

Umekubaliwa. Ondoa kazi kwingine, kisha usome mkataba kabla ya kuwaambia watu.

Unatakiwa kuona: haki ya kuchapisha mara ya kwanza, kwenye karatasi au mtandaoni au vyote; muda ambao hutaruhusiwa kuitoa kwingine, mara nyingi miezi mitatu hadi mwaka mmoja; ruhusa yao ya kuiacha kwenye kumbukumbu ya tovuti; na kifungu kinachorudisha haki kwako kama hawataichapisha ndani ya muda fulani. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Bila hicho, jarida linaloweza kufa kabla ya toleo lako linabaki limeishikilia hadithi.

Usisaini haraka ukiona "haki zote", "milele", au haki za filamu, sauti na tafsiri zikiombwa bila malipo ya ziada. Waandikie kwa upole uombe kifungu kiondolewe; wengi huwa wamenakili mkataba wa mtu mwingine na hawana shida kukitoa. Kwenye mashindano soma kama wanachukua haki za washiriki wote au za washindi tu. Na siku hizi angalia pia kifungu cha kutumia kazi kufunzia akili mnemba.

Washairi wetu wana mapenzi na lakabu. Lakabu ikae kwenye shairi. Mkataba na malipo yabebe jina la kitambulisho. Benki hairuhusu pesa ya "Malenga wa Pwani" iingie kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Uliza njia ya malipo mapema. Kenya, PayPal na M-Pesa zimeunganishwa. Kwingine hakikisha kwanza kwamba akaunti ya PayPal ya nchi yako inaweza kupokea, kwani ziko nchi ambazo inaweza kulipa tu. Kwa dola 30 au 50, ada za benki za kutuma fedha nje zinaweza kumeza sehemu kubwa, hivyo kama utaandika zaidi kwao, omba walipe kwa pamoja. Jarida la Marekani linaweza kukutumia fomu W-8BEN, tamko kwamba kikodi wewe si wa Marekani. Ijaze. Pasipo na mkataba wa kodi baina ya nchi mbili kiwango cha kawaida cha makato ni asilimia 30, na Kenya na Tanzania hazina mkataba huo na Marekani, kwa hiyo usishtuke ukipokea pungufu.

Kabla ya kuchapa utaletewa nakala ya kuhakiki, mara nyingi ujibu ndani ya siku mbili. Usiandike upya. Tazama majina, ng', mistari iliyokatwa vibaya mwishoni, na beti zilizounganishwa. Msanifu asiyejua Kiswahili hukata neno popote: "nyu-mba" anaweza kuligawa "nyum-ba". Orodhesha kwa ukurasa na mstari.

Baada ya kutoka

Siku ileile hifadhi ukurasa kama PDF, kwa sababu tovuti za majarida hufa na kiungo pekee hakitakusaidia. Sambaza kiungo cha jarida; matini nzima isiende Facebook bado. Kama ni hadithi ya Kiingereza, au iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na ina maneno 3,000 hadi 10,000, muulize mhariri kama ataipeleka Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, kwa kuwa tuzo hiyo hupokea kazi zilizochapishwa na mwenye kuwasilisha ni mchapishaji.

Kisha rudi kwenye daftari, kwenye ile safu ya mwisho. Hesabu kuanzia tarehe ya kutoka, ongeza muda ulioandikwa mkatabani, jaza tarehe. Siku hiyo ikifika, iweke Facebook sehemu ya kwanza hadi ya saba, kila Ijumaa usiku, na chini ya kila sehemu andika ilitoka kwanza jarida gani.